Vikao 10 vya ushauri wa wafiwa kwa simu: nilichopewa na nilichokikosa

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyowanyima nitaieleza vizuri, kwa kuwa naamini wakirekebisha jambo hilo watamfaa mfiwa ajaye kuliko walivyonifaa mimi. Jina lao silitaji. Huduma za namna hii ni nyingi siku hizi na zinafanana kwa mengi: unajiandikisha mtandaoni, unapangiwa mshauri, mnazungumza kwa simu au kwa video mara moja kwa juma, dakika 50 kila kikao, vikao 10 kwa jumla. Nitakayoyasema yatakusaidia kuipima yoyote utakayoifikiria.

Nilijiandikisha mwezi wa nne tangu nifiwe na mdogo wangu wa kiume. Alikuwa na miaka 34. Jumanne asubuhi alitoka nyumbani kwake kwenda kazini, hakufika. Ajali ya barabarani.

Kilichonipeleka kwa mshauri hakikuwa kifo peke yake. Tulikuwa tumegombana. Baba yetu ana miaka 78, ana presha na miguu haimbebi vizuri, na tangu mama aondoke tuligawana zamu za kumwangalia: dada yetu mkubwa, mimi, na yeye kitinda mimba. Mwezi mzima zamu zake nilizibeba mimi. Usiku mmoja, nimechoka, nikamwandikia: "Usinitafute mpaka utakapojua wajibu wako." Zamu zake nikaziacha palepale, nikijua dada atazijaza, wala sikuuliza tena. Siku ya kumi akanitumia ujumbe wa sauti wa sekunde 11. Sikuufungua. Nilitaka kwanza aonje kunyamaziwa. Siku ya 19 akafa.

Ujumbe ule ulikaa kwenye simu yangu miezi minne, na ile alama ndogo inayoonyesha kwamba haujasikilizwa. Kila saa tisa usiku nilikuwa macho. Naishika simu, naiweka. Naishika, naiweka.

Sasa huduma yenyewe.

Fomu ya kujiandikisha ina maswali mengi na yote yanakujia siku moja. Usingizi, hamu ya kula, dawa unazotumia, maradhi ya nyuma. Hayo nayaelewa. Lakini palipoandikwa "uhusiano na marehemu" palikuwa na majibu manne ya kuchagua: mwenzi, mzazi, mtoto, mengineyo. Ndugu hakuwemo. Nikagusa "mengineyo", nikalia kuliko nilivyolia juma lile lote. Tangu msiba utokee, kila aliyenisimamisha njiani aliniuliza, "Mzee anaendeleaje?" Nikawa mlango wa watu kupita kwenda kwa baba. Baadaye mshauri alinieleza kwamba huzuni isiyopewa nafasi na jamii imeandikiwa sana tangu mwaka 1989, Kenneth Doka alipoipa jina lake katika taaluma, na kwamba ndugu wa marehemu ni miongoni mwa wanaosahaulika upesi. Niliwaandikia wenye huduma waongeze neno moja tu kwenye fomu. Wakanijibu kwa adabu kwamba wataliangalia. Juzi nimeifungua tena, bado.

Mshauri wa kwanza niliyepangiwa hakunifaa, na nasema hivyo bila kumvunjia heshima, kwa kuwa huenda anamfaa mwingine. Dakika ya kumi alinitumia karatasi yenye hatua tano: kukana, hasira, kujadiliana, huzuni, kukubali. Akaniuliza niko ya ngapi. Nilimwambia asubuhi ile nimekuwa katika zote, na saa nyingine sikuwa katika hata moja. Akasema labda nimeruka hatua. Nilikata simu nikijihisi nimeshindwa hata kuomboleza.

Karatasi zile zimesambaa kila mahali, kwa hiyo ngoja niseme nilichojifunza. Hatua tano zilitoka kwenye kitabu cha mwaka 1969 cha daktari Elisabeth Kübler-Ross, aliyekuwa akizungumza na wagonjwa waliokaribia kufa huko Chicago. Ni watu waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Kuwapa wafiwa orodha ileile kama ngazi ya kupanda ni jambo lililokuja baadaye, na mwenyewe kabla ya kufariki mwaka 2004 alieleza kwamba hazikukusudiwa kuwa ngazi iliyonyooka. Ningeambiwa hivyo siku ile ningelala.

Hapa ndipo huduma ilianza kunipendeza. Kubadilisha mshauri kulihitaji ujumbe mmoja tu. Hakuna aliyeniuliza sababu, hakuna aliyenipigia kunibembeleza nibaki. Siku ya tatu nikapangiwa mwingine, na kikao kile cha kwanza hakikuhesabiwa. Kama huduma unayoifikiria haina utaratibu huu, itafute nyingine. Mshauri ni kama kiatu. Kinaweza kuwa kizuri na bado kikakubana.

Wa pili alikuwa mama mtu mzima, sauti yake nzito na ya polepole. Hakuanza na fomu. Aliuliza, "Nikuiteje?" Nikamwambia. Kisha akauliza, "Na yeye nyumbani mlimwitaje?" Miezi minne hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikamtajia jina lake la utotoni, ambalo hapa naliweka kwangu. Tangu siku ile mpaka kikao cha mwisho hakusema "marehemu" hata mara moja. Alimwita kwa jina lile.

Kabla hatujaenda mbali alinieleza kwamba tutakayozungumza ni siri, isipokuwa akiona maisha yangu au ya mtu mwingine yako hatarini. Kisha akauliza bila kuzunguka: "Dada, umewahi kufikiria kujiua?" Nilishtuka. Nikamjibu ukweli, kwamba sijafikiria kujiua ila kuna asubuhi ninatamani nisingeamka. Akauliza kama kuna njia yoyote niliyoipanga. Hakuna. Akasema, "Ahsante kwa kuniambia. Nitakuuliza tena, usichoke." Akaniuliza tena kweli, kikao cha tatu na cha tano. Kuna watu wanaogopa swali hili wakidhani litampa mtu wazo. Halitoi wazo. Mimi lilinipunguzia mzigo ambao sikujua naubeba peke yangu. Na huduma ilinitumia maandishi wazi kwamba wao si watu wa dharura: hali ikizidi, usingoje zamu ya kikao, nenda hospitali au piga namba ya dharura.

Nilimwambia pia kwamba kifua kinanibana usiku. Nilitegemea aseme ni majonzi. Hakusema. "Kifua ni cha daktari kwanza," alisema, "nenda kapimwe, ukirudi tutaongea." Alinieleza kwamba mshtuko wa huzuni unaweza kweli kuudhoofisha moyo kwa muda, madaktari wa Japani walilieleza jambo hilo mwaka 1990 na kuliita takotsubo, kwa jina la mtungi wa kunasia pweza, kwa sababu moyo hutuna ukafanana nao. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Sisi tuna neno letu la zamani, kihoro, na wazee waliposema fulani kafa kwa kihoro hawakuwa wakibuni. Nikapimwa, moyo ulikuwa salama. Lakini nilimwamini tangu siku hiyo, kwa sababu alijua mwisho wa kazi yake ni wapi.

Nilikuwa na hofu nyingine: kwamba mimi ni mgonjwa wa akili. Miezi minne na bado naangua kilio nikiona shati linalofanana na lake. Akanitajia jambo ambalo sikulijua. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 kuna hali ya huzuni ya muda mrefu inayohesabiwa kuwa ugonjwa, lakini ni lazima ipite angalau miezi 6, iwe kali kila siku, na imzuie mtu kuishi. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka huohuo unataka miezi 12 kwa mtu mzima. "Wewe hujafika huko," alisema, "na wengi hawafiki. Wafiwa wengi hawahitaji hata mtu kama mimi." Mtu anayekuambia hivyo huku kazi yake ni hiyo, unamsikiliza.

Kwa hiyo kwa nini nilimhitaji? Kwa ajili ya hatia. Nyumbani kila niliyemgusia habari ya ugomvi alinikatisha: "Usijilaumu, si kosa lako, piga moyo konde." Walisema kwa upendo, na kila mara mlango ulifungwa. Mshauri hakusema hivyo. Alininyamazia nikamaliza, akasema taratibu: "Kutofungua ujumbe ni kwako. Ajali si yako. Umevifunga kitita kimoja, ndiyo maana huwezi kuvibeba. Tuvitenganishe." Vikao vya pili na vya tatu vyote tulivitenganisha. Alinitaka nieleze siku zile 19 moja baada ya moja, nilikuwa wapi, nilijua nini, na kipi nisingeweza kukijua. Ilikuwa kazi ngumu. Nilikuwa nikitoka kwenye simu nimelowa jasho. Lakini kile kilichokuwa changu kikawa kidogo cha kushikika, na kile kisichokuwa changu nikaanza kukiweka chini. Nikiambiwa nitoe sababu moja tu ya kuipendekeza huduma hii, ni dakika hizo.

Kisha kulikuwa na dada yetu mkubwa. Juma la pili baada ya mazishi alikwisha kuhamisha vitu vyote vya mdogo wetu, amegawa nguo, amefunga akaunti, amerudisha kompyuta kazini kwake. Sikumwona akilia. Mimi nilikuwa siwezi kupita mtaa wake, yeye anapanga mafaili. Nilimchukia. Nasema neno hilo kwa sababu ndilo. Tukawa tunapeana zamu za baba kwa ujumbe wa maneno matatu.

Mshauri akanieleza kazi ya watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliyoichapisha mwaka 1999. Wanasema mfiwa huenda na kurudi. Kuna saa anazama kwa aliyempoteza, picha, kilio, kumbukumbu. Kuna saa anageukia yaliyobaki, karatasi, kazi, majukumu mapya, hata kicheko. Uzima uko katika kule kwenda na kurudi. "Dada yako ameng'ang'ania upande mmoja wa bembea," alisema, "wewe umeng'ang'ania wa pili, na kila mmoja anaona mwenzake ndiye aliyekosea njia." Akanipa kazi: kila jioni dakika 20 za kukaa na mdogo wangu, picha zake, machozi yakija yaje, saa ikilia niinuke nifanye jambo moja la kesho. Nilidhani ni mchezo wa kitoto. Juma la pili nikaanza kulala mpaka saa kumi na moja. Huzuni ilikuwa imepata saa yake, ikaacha kunivizia jikoni.

Kazi nyingine haikunifaa kabisa. Aliniambia niandike, dakika 15 kwa siku nne mfululizo, yote yaliyo moyoni bila kujali sarufi. Zoezi hili lina historia. James Pennebaker wa Marekani alilijaribu na wanafunzi na kulichapisha mwaka 1986, na limewasaidia watu wenye mengi waliyoyaficha. Mimi siku ya pili nilishindwa kula, siku ya tatu nikaacha. Nilitegemea kuhimizwa. Alisema tu, "Basi, liache," akaongeza kwamba hata watafiti waliolijaribu kwa wafiwa hasa hawakuona faida waliyoitarajia. Nilishukuru. Kuna washauri wanaopenda zoezi kuliko mtu.

Niseme na habari ya binti yangu, kwa kuwa wazazi wengi watapita hapa. Ana miaka 6. Siku ya msiba nilimwambia, "Mjomba amelala, hataamka." Tangu hapo akakataa kulala, na usiku akawa anakuja kitandani kwangu kunifungua kope kwa vidole vyake. Sikuunganisha mambo hayo mawili mpaka mshauri aliponiuliza nilitumia maneno gani. Akasema watoto huyachukua maneno kama yalivyo. Mtu aliyelala, aliyesafiri, aliyetuacha, yote hayo humjengea mtoto hofu mpya. "Mwambie amekufa. Mwambie mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, haumwi, hasikii baridi. Kisha mwambie kulala si kufa." Nilifanya mazoezi ya sentensi hizo mbele ya kioo. Binti yangu alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo hana baridi?" Nikamwambia hana. Aliniuliza swali hilohilo siku tatu, kisha akaanza kulala. Ndiyo maana na mimi siku hizi nasema akafa.

Kikao cha sita tuliufungua ujumbe.

Hakunilazimisha. Tangu kikao cha pili alikuwa akiuliza, "Leo je?" nikisema hapana, anaendelea na mengine. Siku hiyo nikasema ndiyo. Tukakubaliana: simu ya kikao nitaiweka kwenye spika, ujumbe nitauchezesha kwenye simu nyingine, nikitaka kusimama nisimame. Akaniambia niketi, miguu yote miwili iguse sakafu. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, au kwa samahani, na sijui ni kipi kingeniumiza zaidi.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Dada, niko kwa baba. Kile kidonge chake cheupe, kile kidogo, ni kabla ya kula au baada? Nijibu basi." Nyuma yake baba anakohoa.

Hiyo tu. Alikuwa kwa baba. Zamu zake alikuwa amezirudia siku zilezile nilizodhani dada ndiye anayezijaza.

Mshauri hakusema neno kwa muda mrefu. Nililia, na alikaa kimya kile cha mtu aliyepo. Nilikuwa nasikia pumzi zake. Baadaye akauliza nimesikia nini. Nikasema nimesikia "nijibu basi". Akaniomba niusikilize tena, sasa nisikilize sauti na niyaache maneno. Nikausikiliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haraka tu, kama mtu ambaye anajua dada yake atanuna na ataacha kununa. Hilo nililisikia mwenyewe, hakunitafunia.

Sasa nyota niliyowanyima.

Kikao cha saba niliomba dada ashiriki. Huduma inaruhusu ndugu mmoja kujiunga mara moja, na hilo ni jambo jema. Lakini muda ni uleule, dakika 50, kana kwamba watu wawili wenye miezi ya ukimya kati yao wanaweza kufika kokote katika muda wa mtu mmoja. Mtandao ulikatika mara mbili, na dakika zilizopotea hazikurudishwa. Nusu saa ya kwanza tulizungumza kama majirani. Dakika za mwisho kabisa mshauri akamwuliza dada kama kuna kitu cha mdogo wetu alichokibakiza. Dada akasema, "Laini yake." Kumbe kila mwezi anaiwekea salio ili kampuni isiifunge na kumpa mtu mwingine namba ile. Simu ya mdogo wetu iko kwenye droo ya dada, anaichaji kila Jumapili. Sauti ilimkatika. Na hapohapo mshauri, kwa masikitiko niliyoyasikia, akasema muda umekwisha, kuna mtu mwingine anangoja.

Dada akabaki upande wake, mimi upande wangu, kila mmoja anaangalia kioo kilichozimika. Nilimpigia mara moja na akapokea, tukalia wote kwa mara ya kwanza. Tulikuwa na bahati. Je, ambao hawapigiani? Kikao cha familia kinahitaji dakika 80 au 90, na mshauri asipangiwe mtu nyuma yake. Namlaumu aliyepanga ratiba. Mshauri simlaumu hata kidogo. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Pale wa karibu ndio kwanza tulikuwa tunaanza, tukafungiwa mlango.

Vikao vya nane na tisa vilikuwa vya utulivu. Nilimwuliza nitaacha lini kumwambia mdogo wangu mambo kichwani, maana bado namsimulia. Akanijibu kwa habari ya Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi. Mwaka 1917 Freud aliandika kwamba kazi ya kuomboleza ni kuuondoa moyo kwa aliyekufa kidogokidogo. Mwaka 1920 akafiwa na binti yake Sophie. Miaka tisa baadaye, siku ambayo Sophie angetimiza miaka 36, alimwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger kwamba uchungu mkali hupita, lakini pengo halizibiki, na kwamba ndivyo inavyopasa kuwa, kwa kuwa ndiyo njia ya kuuendeleza upendo tusiotaka kuuacha. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wengi wameacha kuwahimiza wafiwa wakate uhusiano na waliokufa. "Mwambie tu," alisema. "Ukianza kumwambia yeye yale unayopaswa kumwambia dada yako, hapo tuzungumze." Nimelishika hilo.

Kikao cha kumi kilikuja kama kituo cha basi: teremka. Nilihisi hivyo, ingawa tangu kikao cha kwanza nilijua idadi. Ningependa vikao viwili vya mwisho viachane kwa majuma matatu au manne ili mtu ajizoeze kusimama. Vilevile ujue kwamba kama huzuni yako imekwama kweli, mwaka umepita na hujasogea, vikao 10 vya namna hii havitoshi. Ipo tiba maalumu kwa hali hiyo. Ile iliyoandaliwa na Katherine Shear wa Marekani, kwa mfano, ina vikao 16 na hatua zake. Mshauri wangu alisema wazi kwamba wao hawaitoi, na kwamba ningeihitaji angenielekeza. Nawapa heshima kwa ukweli huo. Nisingependekeza huduma hii katika majuma mawili ya kwanza pia, isipokuwa uko peke yako kabisa. Wakati ule unahitaji mtu wa kukushika mkono na kukuletea maji.

Jambo moja wanalolifanya sijaliona kwingine. Kikao cha kwanza mshauri aliniuliza tarehe mbili: siku aliyozaliwa na siku aliyokufa. Nikadhani ni za kumbukumbu zao. Miezi miwili baada ya kikao cha kumi simu ililia, alikuwa yeye. "Kesho ni siku yake," alisema. "Mtakuwa wapi?" Dakika 15 tu, bila kujiandikisha upya. Nikamwambia tutakuwa kwa baba wote watatu. Akauliza kama yupo mwingine ambaye angependa kuusikia ule ujumbe. Nilikuwa sijawachezeshea. Nilikuwa nimeuweka kama mali yangu.

Siku ile angetimiza 35. Tuliketi chumbani kwa baba, dada amekuja na simu ya mdogo wetu imechajiwa. Nikawaeleza yote, ugomvi, siku 19, sekunde 11. Baba hakujua lolote. Nikauchezesha.

Baba aliinamisha kichwa akisikiliza, na kikohozi chake mwenyewe kikapita mle ndani. Ulipokwisha akasema, "Baada ya kula. Nilimjibu mwenyewe siku ile, alipoona kimya." Kisha akanigusa goti. "Rudia tena."